UZI: Kubadilisha beringi za gurudumu la nyuma la pikipiki mwenyewe nyumbani

Nati17

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna lalamiko halikauki humu: "Juzi tu nimeweka beringi mpya nyuma, leo gurudumu linacheza tena." Jibu nalo ni lile lile, umeuziwa feki. Feki zipo, sibishi. Lakini beringi nyingi zinazokufa mapema ziliuliwa siku zilipofungwa, na aliyeziua alikuwa na nyundo mkononi. Kazi hii inafanyika nyumbani bila mashine yoyote ya maana, ila ina sehemu mbili tatu ambazo ukizikosea ni afadhali ungeziacha za zamani. Nitakaa zaidi kwenye hizo. Ya kufungua nati mnayajua.

Hakikisha kwanza ni beringi kweli. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Shika tairi juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine, vuta huku unasukuma kule. Ukisikia linagonga, mwite mtu aweke kidole pale swing'amu (mkono wa fremu unaoshika gurudumu la nyuma) inapokutana na habu (kitovu cha gurudumu). Swing'amu ikicheza pamoja na gurudumu, tatizo ni bushi za swing'amu, beringi waziache. Swing'amu ikitulia na gurudumu likacheza peke yake, ndipo uje kwenye uzi huu. Kisha shika sproketi yenyewe (lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni) uitikise kushoto na kulia. Kuzunguka kidogo mbele na nyuma ni raba za habu, hilo ni la kawaida mpaka lizidi. Kuyumba kando ni beringi ya sproketi.

Toa gurudumu. Upande wa breki ya drum, paneli (sahani inayobeba breki) itatoka na viatu vyake vya breki. Vumbi la humo lifute kwa kitambaa kibichi, usilipulize. Upande wa cheni, kwenye pikipiki nyingi, kibebeo cha sproketi kinachomoka kwa kukivuta tu kwa sababu kimekaa juu ya raba. Ndani yake kuna beringi ya tatu. Watu hubadilisha mbili za habu na kuisahau hii, wakati ndiyo iliyo jirani kabisa na mvuto wa cheni.

Sasa ingiza kidole kwenye tundu la habu. Kati ya beringi mbili kuna kipande cha bomba la chuma, bushi ya kati. Hapo ndipo roho ya kazi nzima ilipo. Unapokaza nati ya ekseli, mkazo hupita kwenye mnyororo wa vyuma: swing'amu, bushi ya nje, ringi ya ndani ya beringi, bushi ya kati, ringi ya ndani ya beringi ya pili, bushi ya kibebeo, swing'amu ya upande wa pili. Vyote vimebanana chuma kwa chuma. Ringi za nje na habu hazihusiki kabisa na mkazo huo, ndiyo maana gurudumu huzunguka huru hata nati ikiwa imekaza vipi.

Ondoa bushi hiyo, au iwe fupi kidogo tu, uone. Ringi za ndani zinavutwa zikaribiane, za nje zimeshikwa na bega la habu (ukingo wa ndani ambao beringi inaegemea), gololi zinasukumwa kupanda ukingo wa njia yake. Na nguvu yenyewe si ya mchezo. Nati ya ekseli ya milimita 12 ikikazwa kwa Nm 50 (kipimo cha nguvu ya kukaza) huvuta kwa takriban tani mbili. Beringi yenye namba 6202, mojawapo ya saizi za pikipiki, inastahimili mzigo tuli wa karibu kilo 380, tena huo ni wa kutoka juu, si wa kubanwa ubavuni. Hapo hata ununue beringi ya ndege haitakaa.

Kwa hiyo ukiitoa bushi, itazame midomo yake miwili. Nzima ina uso bapa, na alama ya mguso imezunguka mduara wote sawasawa. Iliyoliwa utaona ukingo umetandazika nje kama kofia ya uyoga, au upande mmoja unang'aa na mwingine una kutu kwa kuwa haukuwa ukigusa kitu. Isimamishe juu ya kipande cha kioo: ikiyumba, haifai.

Kutoa beringi. Kabla ya kupiga chochote, pima kila beringi imezama kiasi gani kutoka ukingo wa habu, andika, piga na picha. Toa sili ya vumbi kwa bisibisi bapa, na kama kuna klipu ya pete itoe pia; kuna watu wamepasua habu kwa kuipiga beringi ambayo klipu yake ilikuwa imejificha chini ya grisi. Kisha sukuma bushi ya kati kando kwa fimbo ya chuma mpaka ukingo wa ringi ya ndani ya beringi ya upande wa pili uonekane. Weka fimbo hapo, gonga. Hamisha upande wa pili wa ringi, gonga. Zunguka hivyo, isogee kidogo kidogo ikiwa imenyooka. Habu iwe imelazwa juu ya mbao mbili, na mzigo usiwe kwenye sproketi wala diski. Vaa miwani. Chuma cha beringi ni kigumu lakini ni kikavu, kikipasuka kinaruka.

Beringi uliyoitoa kwa kugonga ringi ya ndani usiirudishe, hata ikionekana nzima. Kila pigo lilipita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye njia yake.

Kufunga nitaandika kwenye posti inayofuata. Wenye la kuongeza kwenye kutoa waanze.

KonaKali

Nimeweka kigoda mbele kabisa. Endelea mkuu.

MzeeSpana

Nati17 umeeleza vizuri, lakini umeanza na nyundo. Mimi naanza na joto. Habu ni alumini, beringi ni chuma, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Chukua tundu la milimita 42. Ukiipasha habu nyuzi 80 juu ya ilivyokuwa, tundu linafunguka kama milimita 0.08. Mkazo wenyewe unaoshikilia beringi ni sehemu chache za mia za milimita. Yaani ukiipasha vizuri, beringi inatoka kwa mapigo mepesi, na wakati mwingine ukigeuza gurudumu inadondoka yenyewe.

Tumia bunduki ya hewa moto, zungusha pande zote, usikae sehemu moja. Tone la maji likichemka juu ya habu, imetosha. Moto wa gesi sipendi: unaunguza rangi, na ukizidisha unaharibu alumini yenyewe. Na kitambaa chenye petroli ulichosafishia kiondoe pale kabla hujawasha chochote.

Nati17

Shikamoo mzee. Nakubali, joto kwanza. Nyundo inabaki kwa zile zilizolala humo miaka.

MzeeSpana

Marahaba. Hata hizo zinalainika.

DadaCheni

Naulizia namba kabla sijafungua kitu. Pikipiki yangu ya 150, nimeambiwa kila mtu namba yake. 6202, 6302, 6203, 6301. Nichukue ipi?

Mchundo

Dada, usinunue kwa kuambiwa. Toa ya zamani, futa, namba imechongwa ubavuni. Pikipiki mbili za cc moja zinaweza kuwa na beringi tofauti, na hata gurudumu moja linaweza kubeba aina mbili, kushoto hii na kulia ile.

Kama namba imefutika, pima. Tarakimu mbili za mwisho ni tundu la ekseli: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kuanzia 04 unazidisha kwa tano, hivyo 04 ni 20. Tarakimu ya pili inaonyesha unene wa mwili. 6202 na 6302 zote zina tundu la 15, lakini 6202 ni 35 kwa nje na upana 11, wakati 6302 ni 42 kwa nje na upana 13. 6203 ni 17 kwa 40 kwa 12. 6301 ni 12 kwa 37 kwa 12. Ukiwa na kipimo cha kaliba hukosei.

Baada ya namba kuna herufi. 2RS ina sili za raba pande zote mbili. ZZ ina vifuniko vya bati. Kwa gurudumu chukua 2RS, bati haizuii maji.

KonaKali

Na C3 je? Kuna jamaa kaniapia kwamba bila C3 nyuma hakuna kitu.

Mchundo

C3 maana yake nafasi ya ndani kati ya gololi na ringi ni kubwa kidogo kuliko ya kawaida. Inasaidia beringi inapochemka sana au inapobanwa sana kwenye tundu lake. Gurudumu la nyuma halifiki huko. Piga hesabu: tairi la inchi 18 lina mzunguko wa karibu mita 1.9. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa linazunguka kama mara 525 kwa dakika. Kwa beringi hilo ni kama limelala. Fuata ilivyotoka kiwandani. Kama ilikuja na C3 weka C3, kama haikuja usihangaike. Kinachoua beringi za nyuma ni maji, matope na kubanwa ubavuni. Mwendo si tatizo.

Nati17

Kufunga sasa.

Safisha tundu la habu mpaka lionekane alumini tupu, hasa ile kona ya bega. Chembe moja ya mchanga pale inatosha kuiweka beringi kombo. Pitisha ukucha ndani. Ukikwama kwenye kijimwinuko, kisugue taratibu kwa msasa laini, usiguse sehemu nyingine.

Beringi mpya ziweke kwenye friza zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, zisipate unyevu. Zinasinyaa kiasi cha milimita 0.02, si nyingi, lakini ukijumlisha na joto la habu kama alivyosema mzee, beringi inashuka hadi chini kwa sauti moja ya "tap" bila ugomvi. Andaa kila kitu mkononi kabla hujaitoa kwenye friza, muda ni mfupi.

Unaanza upande gani? Kitabu cha pikipiki kinasema. Kama huna kitabu, zile namba za kina ulizoandika zitakusaidia: beringi inayokaa imeegemea bega la habu kabisa ndiyo inayotangulia. Izamishe mpaka chini. Hapa sauti ndiyo mwalimu, nyundo ikibadilika kutoka mlio mzito kwenda mlio mkali wa kama kengele, imefika.

Unapogonga, gonga ringi ya nje peke yake. Tafuta soketi ambayo ukingo wake unakaa juu ya ringi ya nje bila kugusa sili wala ringi ya ndani. Ukikosa, beringi ya zamani inafaa, ila ipunguze kwanza kwa grainda kipenyo cha nje, la sivyo inabana juu ya mpya na unakuwa na kazi mbili. Wasiotaka nyundo kabisa, fimbo ndefu ya bolti yenye washa nene pande mbili na nati inavuta beringi ndani taratibu. Mimi naipenda zaidi hiyo, ukiona inaanza kwenda kombo unaacha.

Geuza gurudumu. INGIZA BUSHI YA KATI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu. Ukisahau hapa utakumbuka ukiwa umeshafunga beringi ya pili, na kuitoa ni kuiharibu.

Beringi ya pili ndiyo yenye mtego. Hii huizamishi mpaka ikatae. Unaishusha mpaka ringi yake ya ndani iguse bushi, basi. Ukizidisha, unakuwa umezibana beringi zote mbili ubavuni kabla hata ya kugusa nati ya ekseli. Namna ya kujua: ingiza kidole, isukume bushi kando. Inatakiwa isogee kwa kusukuma kwa nguvu kidogo. Ikichezacheza yenyewe ikigonga, beringi bado iko juu. Ikiwa imekwama kabisa kama imechomelewa, umepitiliza. Gonga kidogo kutoka upande wa pili kuilegeza.

Mwisho zungusha kila ringi ya ndani kwa kidole. Iende laini na uzito mdogo wa sili. Ikikwamakwama, simama, usifunge gurudumu kwa kutumaini itajilainisha.

Tairi_Bila_Tyubu

Wakuu, mimi nimeshakwama kabla ya huko. Nimegonga, katikati ikatoka yote na gololi zikamwagika sakafuni. Ringi ya nje imebaki ndani ya habu, na hakuna pa kushika.

MzeeSpana

Pole, kijana. Hiyo ilikuwa imekwisha siku nyingi. Usianze kuichimba na tindo, utachimba alumini.

Njia nzuri ni fundi wa kuchomelea. Mwambie apitishe mstari mmoja wa weldi kuzunguka ndani ya ringi, ile njia ya gololi. Chuma kikipoa kinasinyaa, ringi inapungua na kutoka kwa vidole. Afunike kwa kitambaa kinene kibichi sehemu za jirani, cheche zisiingie kwenye tairi na spoki. Na waya wa ardhi aushikize kwenye ringi yenyewe au karibu nayo kabisa.

Kama huna weldi, chukua grainda ndogo ya mkono, kata mfereji kwenye ringi mpaka ibaki kama karatasi, usiipitishe. Halafu weka tindo kwenye mfereji na pigo moja. Inapasuka na kulegea.

Tairi_Bila_Tyubu

Ya weldi imekubali, imetoka kama pete ya harusi iliyolegea. Lakini sasa naona jambo jingine. Beringi mpya inaingia kwa mkono upande huu. Sijaipasha, sijaigonga, inaingia tu.

KonaKali

Piga panchi vidoti ndani ya tundu kuzunguka, itabana. Wengi wanafanya hivyo.

Mchundo

Wengi wanafanya na wengi wanarudi. Vidoti vinaishikilia beringi kwenye ncha chache tu. Kwa mzigo wa gurudumu vinasagika na tundu linakuwa kubwa zaidi ya mwanzo. Hapo kilichotokea ni kwamba beringi ya zamani iliganda, ringi ya nje ikawa inazunguka ndani ya habu na kuikereza.

Kama ulegevu ni mdogo, yaani inaingia kwa mkono lakini ukiitikisa haichezi, ipo gundi maalumu ya kushikia beringi, ya kimiminika, inayokauka pasipo hewa. Tundu na beringi vyote viwe vikavu bila mafuta, paka kwenye tundu, isifike kwenye sili, iache saa 24. Kama beringi inacheza waziwazi, peleka habu kwa fundi kereza aweke pete ya ndani na kuikereza kwa kipimo, au badilisha habu. Hili la gurudumu la nyuma usilifanyie ubahili, linakubeba wewe.

Tairi_Bila_Tyubu

Haichezi. Nitatumia gundi. Swali la mwisho kabla hamjanichoka: humu katikati sijaona hiyo bushi mnayoisema. Hakuna kitu.

Nati17

Ndugu yangu, umepata muuaji. Beringi iliyokufa, gololi sakafuni, tundu lililokerezwa, vyote vinaanzia hapo. Kuna aliyefungua kabla yako na hakuirudisha.

Tafuta ya modeli yako. Ukikosa, ichongeshe, lakini kwa fundi kereza. Usikate kipande cha bomba la maji kwa msumeno. Midomo lazima iwe bapa na sambamba, la sivyo inasukuma ringi upande mmoja na ekseli inapinda kidogo kila ukikaza.

Kipimo cha urefu: toa beringi zote, pima kutoka bega la habu la kushoto hadi bega la kulia. Ringi ya ndani na ya nje ya beringi hizi zina upana mmoja, kwa hiyo bushi inatakiwa iwe sawa na umbali huo au izidi kwa unywele, kama milimita 0.1. Isipungue hata chembe. Ikizidi kidogo beringi ya pili haitagusa bega lake na hakuna ubaya, ndivyo nyingi zilivyoundwa. Tundu lake lipite ekseli bila kubana, na unene wake ufanane na ringi ya ndani, usifike kwenye sili.

DadaCheni

Nimefungua yangu. Bushi ipo, midomo safi. Beringi ya upande wa breki ndiyo mbovu, grisi yake imekuwa uji wa rangi ya kutu. Ya upande wa pili inazunguka vizuri. Nibadilishe moja?

MzeeSpana

Badilisha zote tatu, mwanangu. Zimekula maji yale yale. Na ili uifikie mbovu umeshagonga au utagonga.

Halafu tazama sili ya vumbi ya upande wa breki na bushi ya nje inayopita ndani yake. Bushi ikiwa na mfereji uliochimbwa na mdomo wa sili, sili mpya haitazuia maji. Ibadilishe au igeuze kama pande zake zinafanana. Mdomo wa sili upake grisi kidogo. Na ile mashine ya kuoshea yenye maji ya nguvu, usiielekeze katikati ya habu. Hakuna sili inayostahimili hiyo.

KonaKali

Mzee, grisi ya ziada ndani ya beringi mpya tunaongeza?

MzeeSpana

2RS imekuja na yake, karibu theluthi moja ya nafasi, na ndivyo inavyotakiwa. Ukijaza pomoni grisi inasukuma sili nje. Wewe paka ekseli tabaka jembamba isipate kutu. Drum isiguswe na grisi hata kidogo.

DadaCheni

Nimefunga. Beringi zimeingia kwa joto na friza, zote zimekaa mahali pake vizuri, bushi ya kati inasogea kwa kidole kama ulivyoandika Nati17. Gurudumu nje ya pikipiki linazunguka bila mlio. Ila nikikaza nati ya ekseli kwa kipimo cha kitabu, linakuwa zito. Nikilegeza, linazunguka. Nimeogopa isije ikawa ile habari ya tani mbili.

Mchundo

Usiogope bado. Toa cheni kwenye sproketi na ulegeze kabisa nati ya kurekebishia breki, kisha kaza ekseli tena. Likizunguka huru, beringi hazina kosa.

DadaCheni

Linazunguka huru kabisa. Kwa hiyo breki?

Mchundo

Breki. Paneli imekaa kombo, viatu vinagusa drum upande mmoja. Legeza ekseli na mkono wa paneli (chuma kinachoizuia paneli isizunguke), rudisha nati ya breki ulikoiweka mwanzo. Mwambie mtu akanyage pedali ya breki mpaka mwisho na aishikilie hapo, viatu vijipange katikati ya drum. Kaza nati ya ekseli akiwa bado amekanyaga, kisha mkono wa paneli. Rudisha cheni, hakikisha alama za kushoto na kulia kwenye swing'amu ziko sawa, cheni iwe na ulegevu wa kitabu. Ukishatembea kilomita 50 hivi, rudia kukaza nati na ushike tena tairi juu na chini. Mkono wa paneli una pini yake ndogo, weka mpya.